Sauti ya Jukwaa la Tatu

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro dakika saba, ukumbi wa kituo cha treni ulikuwa umefurika watu hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Juu ya ngazi ya chuma, karibu na mlango wa jukwaa la tatu, mpaka rangi mmoja alikuwa akipaka upya namba tatu kwa rangi nyeupe. Alikuwa amevaa ovaroli ya kijivu iliyojaa madoa ya kila rangi aliyowahi kuigusa, na kofia iliyogeuzwa nyuma. Watu wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi.

Hiyo ilikuwa siku yake ya nne kituoni hapo, na kwa siku zote nne alikuwa akifanya kazi huku akitegea sikio vipaza sauti. Kulikuwa na sauti ya mwanamke aliyetangaza treni. Ilikuwa sauti tulivu, isiyo na haraka. Fundi alishaitengenezea sura kichwani, akaipa na kimo, ila alikuwa hajamwona mwenyewe.

"Abiria wanaosafiri na treni ya saa mbili," sauti ilisema, "tafadhali elekeeni jukwaa la..."

Ikakatika. Haikukatika kama umeme unavyokatika. Ilichanika katikati kama kitambaa, kisha ikasikika pumzi, kisha kikohozi, kisha kimya.

Watu waliinua vichwa. "La ngapi?" mmoja aliuliza. "Amesema la ngapi?"

Mlango wa kibanda cha kioo, juu ya ngazi za saruji, ulifunguka. Mwanamke alitoka mbio, mkono mmoja kooni. Alivaa sketi ya bluu ya kazi, blauzi nyeupe na kitambaa cha manjano shingoni. Macho yake yalikuwa yametoka kwa hofu, na hakuona alikokanyaga. Bega lake likaigonga ngazi ya Fundi. Kopo likayumba, likamwaga rangi nyeupe juu ya kiatu chake cheusi.

Fundi akashuka kama aliyetupwa. "Pole, dada. Umeumia?"

Mwanamke alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akanyoosha mkono kuelekea umati ulioanza kusukumana, akainua vidole vitatu.

Fundi akaelewa. Akageuka, akajaza kifua, akaunguruma kwa sauti yake ya kuitana kwenye majengo: "Treni ya saa mbili, jukwaa la tatu! Mlango huu hapa, msisukumane!"

Watu wakamwagika kuelekea mlangoni. Ukumbi ulipopungua watu, mwanamke alikuwa amekunywa maji, na sauti ilikuwa imemrudia kidogo, yenye mikwaruzo.

"Asante," alisema. "Siku nyingine uwaambie pia kwamba rangi haijakauka."

"Kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Sauti," Fundi alisema, akaona aibu mwenyewe. "Nipe hicho kiatu nikisafishe. Kesho utakipata kikiwa kipya."

Mwanamke akaenda zake ofisini na kiatu kimoja na ndala moja ya kuazima, na wenzake wakacheka mchana kutwa. Kesho yake Fundi alikileta kimefungwa kwenye gazeti.

"Umenirudishia kiatu kinanuka gereji," alisema yule mwanamke.

"Hiyo ni tapentaini, ya kuondolea rangi. Ukiizoea utaona ni manukato."

"Na wewe unajipaka?"

"Kila siku. Nusa."

Alicheka, na tangu siku hiyo Fundi akamwita Sauti, na jina likamkaa.

*

Miezi miwili ilipita upesi. Sauti alikuwa na miaka ishirini na tisa, akiishi na shangazi yake, dada wa marehemu baba, mshonaji aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Fundi alikuwa na thelathini na nne. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, kimoja cha kulala, kingine cha kuchorea picha Jumamosi ambazo hakuwa na kazi ya majengo.

Walipigiana simu kila jioni baada ya kazi, Fundi akiwa anaosha brashi, Sauti akiwa anakunja nguo alizoshona shangazi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula maneno yako ya jana, bado yananitosha."

"Fundi, una njaa. Nenda kale."

Jioni moja, katikati ya utani huo, Fundi alimwambia jambo ambalo kwake lilikuwa zawadi. "Unajua mimi nilikupenda kabla sijakuona? Niliipenda sauti kwanza. Wewe ulikuja baadaye."

Sauti alicheka, akamtakia usiku mwema. Alipokata simu alipeleka vidole shingoni, chini ya kitambaa. Kinundu alichokuwa akikificha kilikuwa palepale. Mwezi uliopita kilikuwa kama punje ya harage. Sasa kilikuwa kikubwa kuliko hapo, na kila alipomeza mate kilipanda na kushuka pamoja na mate.

Alikuwa hajamwambia mtu. Mama yake aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akiwa amebeba pochi na mwavuli, akiahidi kurudi Alhamisi. Kilichorudi Alhamisi ni mwavuli tu. Tangu hapo Sauti akipita mbele ya hospitali alivuka barabara, atembee upande wa pili.

*

Jumamosi moja Fundi alimpa brashi na kipande cha mbao nyembamba. "Leo uchore wewe. Mimi nitachemsha chai."

"Sijui kuchora."

"Hakuna atakayekusahihisha. Hii ni rangi ya maji, inakauka upesi. Chora chochote kilichomo moyoni."

Aliporudi na vikombe alikuta mbao yote nyeusi. Sauti alikuwa amepaka weusi kutoka pembe hadi pembe, na alikuwa bado anapaka, tabaka juu ya tabaka.

Fundi hakucheka. Alikaa kwenye kopo lililogeuzwa. "Unaogopa nini?"

"Nimechoka tu."

"Sawa." Akanywa chai kidogo. "Mimi niliwahi kupaka hivyo hivyo mwaka mzima."

Akamweleza. Miaka mitano nyuma alikuwa akipaka jengo la ghorofa saba na rafiki yake wa kazi. Jukwaa la mbao walilosimamia lilikatika upande mmoja. Fundi alidaka bomba. Rafiki yake hakudaka kitu.

"Baada ya maziko nikawa siwezi kupanda hata kiti. Nikifika hatua ya tatu ya ngazi, miguu inakataa. Kusali nako nilishindwa. Nikianza, maneno yanaisha. Ndipo nikaanza kuchora, nimekaa chini sakafuni. Nikimaliza picha, hata mbaya namna gani, naiinua juu namwambia Mungu: sala yangu ya leo ni hii, nisomee mwenyewe."

"Alikujibu?"

"Sikusikia neno. Lakini siku moja nilipanda ngazi."

"Hofu ikaisha."

"Haijaisha mpaka leo. Kila asubuhi naishika ngazi nikiwa nayo. Namwambia, unaona ninavyoogopa, nishike. Halafu napanda."

Sauti aliitazama ile mbao nyeusi. Alitamani kumwambia. Neno lilifika kooni, palepale penye kinundu, likakwama. Ulipenda sauti kwanza, aliwaza. Sauti ikiondoka, utabaki na nani?

"Weusi huo usiutupe," Fundi alisema. "Ukikauka, rangi nyeupe itashika vizuri juu yake."

Kwa hiyo kila Jumamosi akawa anarudi kwenye mbao ileile. Polepole, juu ya weusi, ukumbi wa kituo ukajitokeza kama alivyouona kutoka kwenye kibanda chake cha kioo: mwanga wa madirisha ya juu, mabegi, mzee anayesinzia, mama anayehesabu watoto, watu na watu wakingoja kuambiwa waende wapi. Wakati akichora alipumua vizuri. Fundi akikaribia kutazama, alimfukuza kwa tambara. "Bado. Ikiisha utaiona."

*

Hatimaye sauti ilimkatika mara tatu kwa siku moja, na mkuu wa kituo akamlazimisha kwenda kwa daktari. Baada ya vipimo, daktari, mwanamama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alimkalisha na kuvuta kiti karibu.

"Uvimbe huu lazima utolewe, na haraka. Umekaa juu ya mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ni mbaya au si mbaya, sitajua mpaka nifungue na maabara wapime."

"Na sauti yangu?"

"Nitajitahidi."

"Daktari, naomba uniambie nitaongea."

Daktari alivua miwani. "Ningekudanganya. Unaweza kuamka ukiongea kama zamani, unaweza kuamka bila sauti kabisa. Siwezi kukuahidi."

Sauti alitoka nje, akakaa kwenye ukingo wa bustani ya hospitali. Alimwambia shangazi peke yake, na akamwapisha asimwambie mtu, hasa Fundi. Jioni ile simu iliita mara nne. Mara ya tano alituma ujumbe: *Naomba usinipigie tena. Si kosa lako. Usinitafute.*

Fundi aliusoma akiwa amesimama kwenye sinki, maji ya rangi yakimchuruzika viwikoni. Akapiga. Simu imezimwa. Akapiga asubuhi, akapiga mchana. Siku ya tatu alikwenda kituoni. Aliingia ukumbini, na vipaza sauti vikatangaza treni ya saa tano kwa sauti ya mwanamke mwingine, nyembamba, yenye haraka.

Akaenda dirisha la tiketi.

"Yule mtangazaji yuko wapi?"

Mkata tiketi, dada mnene mwenye kucha nyekundu, hakuinua macho. "Likizo."

"Ya nini?"

"Kaka, mimi nakata tiketi. Ila tunasikia ni mambo ya ndoa. Kuna bwana alikuja kumchukua na gari, na masanduku. Anayefuata."

Yule bwana alikuwa mtoto wa kiume wa shangazi, aliyekuja kumhamishia vitu vyake kutoka ofisini. Mkata tiketi hakujua, na Fundi hakuuliza. Alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Mbao ya Sauti ilikuwa imeegemezwa dirishani. Akaigeuza uso ukutani bila kuitazama.

"Kumbe," alijisemea. "Mpaka rangi naye alidhani yumo."

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mashine. Hakuchora. Alikuwa na hofu asiyoijua jina. Haikuwa hasira tu. Ilikuwa kama ile ya zamani, ya mbao kukatika chini ya miguu. Alijaribu kusali akaishia kusema, "Mungu, umeona," basi.

Siku ya kumi alikuwa akipanga makopo. Aliposogeza mbao ile apate nafasi, ikageuka mkononi, na kwa mara ya kwanza akaitazama yote.

Ukumbi ulikuwa hai. Kila mtu aliyechorwa alikuwa na uso, hata wale wadogo wa mbali. Mzee amefumba macho, mama ameachama akiita mtoto, mchuuzi anacheka. Juu yao wote, ndani ya kibanda cha kioo, alikaa mwanamke mwenye kitambaa cha manjano. Alikuwa na macho, pua, paji la uso. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Ngozi tu, laini, kama mtu aliyezaliwa hana mdomo.

Fundi alikaa chini. Alifikiri rangi imebanduka, akapitisha kidole. Haikubanduka. Ilipakwa hivyo, kwa uangalifu.

Akakumbuka kikohozi cha siku ya kwanza. Akakumbuka kitambaa shingoni hata siku za joto kali. Akakumbuka maneno yake mwenyewe kwenye simu, akafumba macho.

"Tangu lini bibi harusi akajichora bila mdomo?" alisema kwa sauti. Hata ovaroli hakuvua, akachukua mbao na rangi akaenda kwa shangazi.

*

Shangazi alikuwa mlangoni akipima kitambaa kwa mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba, pini zimemjaa kwenye ukosi, na alimtazama Fundi kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye mpaka rangi."

"Ndimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kudai nini?"

"Nimekuja kuuliza anaumwa nini."

Shangazi aliacha kupima. "Nani kakwambia anaumwa?"

"Yeye mwenyewe. Kwa picha."

Mwanamke yule alikaa juu ya kizingiti, kitambaa mapajani, na ghafla akaonekana mzee. "Aliniapisha nisiseme neno. Na mimi kiapo sivunji." Akachomoa pini moja, akairudisha palepale. "Lakini hakuniapisha nisikuambie saa. Hospitali kuu, wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, saa za kuona wagonjwa zinaanza saa kumi. Kesho asubuhi wanamchukua saa mbili. Sasa hivi ni saa tisa na nusu, na wewe bado umesimama."

Alifika saa kumi na robo, mbao kwapani, vikopo vya rangi mfukoni. Sauti alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amevaa gauni la hospitali la kijani lililofifia. Bila kitambaa shingoni, uvimbe ulionekana wazi. Alipomwona Fundi aliufunika kwa mkono, akageuza uso.

"Nilikwambia usinitafute," alisema. Sauti ilikuwa imebaki nusu.

"Sikukutafuta. Nimeleta picha yako. Uliisahau."

"Shangazi amevunja kiapo."

"Hajavunja. Amenitajia saa tu."

Midomo ya Sauti ilitaka kucheka, ikashindwa, machozi yakashuka. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mpenzi, kwa nini?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Uliipenda sauti kwanza, mimi nikaja baadaye. Kesho sauti inaweza kwenda. Nikaona bora niondoke nayo, nisikae nikuone ukiitafuta kwangu huipati."

Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa alikohoa.

"Nilisema kweli," Fundi alisema. "Ila nilisema nusu, nikaona nimemaliza. Sauti niliipenda siku nne. Wewe nimekupenda miezi mitatu na siku kumi, na hizi kumi zilikuwa ndefu kuliko zote. Nimeambiwa unaolewa."

"Na nani?"

"Na bwana mwenye gari."

"Yule ni mtoto wa shangazi, Fundi. Ana watoto watano."

Wote wawili wakacheka, kisha kicheko cha Sauti kikageuka kilio. Akamshika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia. "Naogopa. Mama aliingia mlango kama huu hakutoka. Nikifumba macho naona taa za pale ndani. Nasali, nafika 'Mungu wangu', nasimama hapo. Sijui nimwombe nini. Nimwombe sauti au uhai? Nikiomba vyote viwili ataniona nina tamaa."

"Usiombe, basi. Chora."

Muuguzi alipita, akaona makopo, akakunja uso. "Hizo zinanuka?"

"Ni za maji, dada. Hazinuki."

"Mna nusu saa. Na shuka zangu msiziguse."

Fundi alisimamisha mbao juu ya mapaja ya Sauti, akamkabidhi brashi ndogo. Alidhani atachora mdomo. Alimchanganyia hata rangi yake, nyekundu na kahawia kidogo.

Sauti aliitazama rangi ile, akatikisa kichwa. "Hapana. Sijui kesho nitaachiwa mdomo wa namna gani. Sitaki kumchorea Mungu jibu." Akachovya brashi kwenye kijivu. "Hapo mwanzo niliuacha kwa woga. Sasa nauacha hivi namwachia Yeye."

Badala yake, karibu na mlango wa jukwaa la tatu, alichora ngazi. Juu ya ngazi akachora mtu wa ovaroli, kofia imegeuzwa nyuma.

"Umenifanya mnene," Fundi alisema.

"Ndivyo ulivyo."

Alipomaliza, aliinua mbao kwa mikono miwili, juu kidogo tu ya kichwa, kama alivyosimuliwa siku ile. Fundi aliinamisha kichwa. Kengele ya kuondoa wageni ikalia.

*

Asubuhi saa mbili walimpitisha kwenye kitanda cha magurudumu. Aliwapungia mkono shangazi na Fundi, kisha milango miwili ikajifunga. Daktari alikuwa amesema upasuaji ungechukua saa mbili. Zikapita mbili, ikapita ya tatu. Shangazi alikaa kwenye benchi akishona pindo la kitambaa kisicho na kazi, akilifumua, akilishona tena.

"Mama yake walituambia itachukua saa moja," alisema bila kuinua macho.

Fundi alimwokotea uzi ulioanguka. Kila mlango ulipofunguka walisimama wote wawili, na kila mara alikuwa mfagizi, au muuguzi aliyekuja kuita jamaa wa mgonjwa mwingine. Walipokwisha kungoja saa nne na nusu, shangazi aliacha kushona, akamshika mkono kijana ambaye jana alimpima kwa macho.

"Sema na Mungu," alimwambia. "Mimi maneno yameniishia."

"Na mimi yameniishia, shangazi."

"Basi tukae hivihivi. Anatuona."

Wakakaa hivyo. Daktari alitoka akiwa na alama ya barakoa usoni, amechoka.

"Yuko hai, na uvimbe wote umetoka," alisema. Shangazi akakaa chini kwa kishindo. "Lakini ulikuwa umeizunguka mishipa yote miwili ya sauti. Mmoja nimeuokoa. Mwingine sikuweza."

Jioni Sauti alifungua macho. Aliwaona, akawatambua, akafungua mdomo kuwaita. Ilitoka hewa. Akajaribu tena, shingo ikikaza chini ya bandeji. Hewa. Akamtazama Fundi kwa macho ambayo Fundi hakuwahi kuyaona kwa mtu mwingine, akafumba, na machozi yakaingia masikioni.

Siku kumi na moja walingoja majibu ya maabara. Fundi alikuja kila saa kumi. Siku nyingine Sauti aliandika kwenye daftari, *Nenda nyumbani*, naye akaondoka, kesho yake akarudi. Siku nyingine Fundi alimpa brashi, naye akachora madirisha, sahani, miguu ya kitanda, chochote. "Leo umesema nini?" Fundi aliuliza kila alipoinua picha. Siku ya tano Sauti aliandika: *Bado nimekasirika Naye. Lakini nimekuja.*

Siku ya kumi na mbili daktari aliwaita. Uvimbe ulikuwa na chembe mbaya, alisema, lakini zilikuwa ndani yake tu, hazikutoka nje. Atapimwa kila miezi sita, kwa miaka mitano. Sauti ya kunong'ona itakuja polepole. Ile ya kutangaza haitarudi.

Sauti alisikiliza, mikono imekunjwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, mnong'ono ulimtoka, mkavu kama karatasi: "Nitaishi?"

"Leo unaishi," daktari alisema. "Na nina matumaini makubwa."

*

Kituo kilimhamishia dawati la vitu vilivyopotea. Kazi ilimfaa. Watu walimwinamia kueleza miavuli yao na mabegi yao, naye akawanong'oneza, nao bila kujua wakaanza kunong'ona pia, kama watu waliomo kwenye siri moja. Jumamosi aliendelea kuchora. Kipimo cha kwanza kilipokaribia, alikaa siku tatu hali kitu. Majibu yalikuja safi. Aliingia chooni kituoni, akalia, akanawa uso, akarudi kumtafutia mzee mmoja fimbo yake.

Jumapili iliyofuata, mchana, Fundi alikuja kwa shangazi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Viatu vilikuwa vinang'aa. Kwenye sikio la kushoto kulibaki doa la rangi ya kijani ambalo hakuliona. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, akaliona lile shati, akaelewa, akainamisha kichwa akaendelea kushona kwa kasi zaidi.

Sauti alikuwa kwenye mkeka, anakunja nguo. Fundi alikaa mbele yake.

"Nimekuja na maneno, nimeyapanga usiku kucha, sasa yamepotea."

Sauti alinong'ona, "Dawati langu linafungwa Jumapili."

"Usinichekeshe, nitashindwa. Nataka nikuoe."

Mikono yake iliyokuwa ikikunja ilisimama. "Miezi sita ijayo napimwa tena. Na mingine sita. Uvimbe ukirudi je?"

"Nitaogopa. Sasa hivi pia naogopa."

"Utaoa mtu na hofu yake?"

"Nitakuoa wewe. Hofu ikija na mizigo yake tutaitafutia pa kukaa. Kulala, haitalala kitandani kwetu. Yatakayobaki ni ya Mungu, mimi siyawezi, na wewe huyawezi."

Sauti alisema kitu. Cherehani ilikuwa ikinguruma, na Fundi hakusikia.

"Sijasikia, mpenzi."

Akasema tena. Midomo ilicheza, sauti ikamezwa na cherehani.

"Bado sijasikia."

"Sogea karibu," alinong'ona, akimvuta kwa ukosi wa lile shati jeupe.

Fundi alisogea mpaka sikio lake likagusa mdomo wake. Alichoambiwa hakikuwa neno moja. Kilichukua muda, na katikati yake Fundi alifumba macho.

Cherehani ilinyamaza. Shangazi alikuwa amegeuka kwenye kiti, mkasi mkononi, kitambaa cheupe kipya kimetandazwa mapajani. Machozi yalikuwa yakimshuka, ila uso wake ulikuwa mkali kama kawaida.

"Mimi ni mtu mzima, sisikii minong'ono," alisema. "Nikate au nisikate?"

Fundi alifungua macho, hakuondoa sikio lake pale lilipokuwa.

"Kata, shangazi," alisema.